Jezi namba 34 na nafasi ya mtu wa 26

Kati ya tarehe 14 na 18 Mei 2025, klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Marekani, iliwapiga chini wachezaji wawili ambao mashabiki walikuwa wameshawazoea mno, hata wakasahau kwamba nao wanaweza kuachwa. Wa kwanza alikuwa Austin Barnes, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago usoni na kuipokea mipira ya mrushaji. Wa pili alikuwa Chris Taylor, kiraka ambaye ungeweza kumpanga karibu kila mahali uwanjani na asilalamike.

Tuwatendee haki kwanza. Barnes alikuwa na Dodgers tangu 2015. Usiku ule wa Oktoba 2020, klabu ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza baada ya miaka 32, mpira wa mwisho wa msimu uliingia kwenye glavu yake. Akausokomeza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, ndipo akakimbia kumkumbatia mrushaji. Taylor naye mwaka 2017 aligawana na Justin Turner tuzo ya mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya Marekani. Mwaka 2021, kwenye mechi moja tu ya mtoano dhidi ya St. Louis Cardinals, matokeo yakiwa 1-1 na Dodgers wakiwa wamebakiza mtu mmoja kutolewa katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, aliupiga mpira ukavuka uzio. Mechi ikaishia hapo hapo, Cardinals wakafungasha virago.

Kwa hiyo watu walipoona majina hayo yamefutwa, gumzo likawaka. Kambi moja ilisema klabu haina utu: unamtupaje mtu aliyekuletea ubingwa, tena katikati ya msimu, kama mzigo uliokosa mwenyewe? Kambi ya pili ikaja na hesabu. Taylor alikuwa amefika bezi, kile kituo anachokimbilia mpigaji, kwa pigo mara 7 katika zamu 35. Barnes alikuwa na mapigo 9 katika zamu 42. Kambi ya kwanza ikajibu kwamba mtu hapimwi kwa zamu 35. Kambi ya pili ikauliza apimwe kwa zipi, za mwaka 2017?

Ukizisikiliza kambi hizi kwa makini unagundua kwamba hazibishani juu ya kitu kimoja. Wa kwanza wanazungumzia deni: huyu alitufanyia hiki, naye anatudai nini? Wa pili wanazungumzia kazi: kesho jioni kuna mechi, nani anatufaa? Maswali yote mawili ni halali. Yanaharibika pale jibu la moja linapotumika kulijibu jingine, na klabu kubwa kama Dodgers wamefanya kosa hilo kwa pande zote mbili. Kwa Barnes na Taylor nasimama na klabu bila kusitasita. Kwa mtu mwingine, ambaye nitamfikia, klabu ilistahili lawama iliyodumu miaka zaidi ya 30.

Anayefuata soka pengine haoni ugumu wa jambo hili. Timu ya mpira wa miguu inaweza kusajili watu 30 na mkongwe akakaa jukwaani, anapigiwa makofi, analipwa, hamzuii mtu. Besiboli ya Ligi Kuu ya Marekani haina nafasi hiyo. Kikosi kinachoruhusiwa kutumika ni watu 26, na kati yao warushaji hawazidi 13. Wanabaki 13. Tisa wanaanza: wanane wa kulinda uwanja na mmoja ambaye kazi yake ni kupiga tu. Benchi lina watu wanne. Mmoja wa hao wanne lazima awe mdakaji wa akiba, maana mdakaji akiumia huwezi kumweka mtu yeyote tu pale nyuma. Kwa hiyo benchi lako halisi ni watu watatu, kwa mechi 162 zinazochezwa karibu kila siku kwa miezi sita, na mchezaji akishatolewa hawezi kurudi katika mechi hiyo. Ukimpa mtu mmoja kiti kama asante, umetoa theluthi ya benchi.

Kuna jingine ambalo mashabiki wengi huliruka. Kanuni za ligi zinamlinda mkongwe kuliko kijana. Mchezaji mwenye miaka mitano ya utumishi hawezi kurudishwa ligi ya chini bila ridhaa yake mwenyewe. Kijana anaweza kushushwa na kupandishwa mara kadhaa bila klabu kumpoteza. Ndiyo maana mara nyingi utaona kijana anayecheza vizuri akifungiwa mizigo kwenda mji mdogo, huku mkongwe aliyechoka akibaki, kwa sababu moja tu: mmoja anaweza kurudishwa wiki ijayo na mwingine hawezi. Tommy Edman alipopona Mei ile, njia nyepesi ilikuwa kumrudisha Hyeseong Kim wa Korea kule Oklahoma City, kwenye timu ya Dodgers ya ligi ya chini. Kim alikuwa amepandishwa mwanzoni mwa mwezi na alikuwa akipiga vizuri kuliko Taylor kwa mbali. Dodgers wakamwacha Kim, wakamtema Taylor, na wakaendelea kumlipa sehemu iliyobaki ya mkataba wake wa dola milioni 60 kwa miaka minne. Barnes aliondolewa ili apande Dalton Rushing, kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kudaka.

Nyuma ya Kim na Rushing foleni ni ndefu, na inafika hadi kwetu. Mwaka 2022 Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male kutoka Uganda, wakaanzia ngazi ya chini kabisa. Hadi msimu wa 2025 ulipokwisha hakuna Mganda aliyekuwa amefika Ligi Kuu. Mtu aliye kwenye ngazi hiyo haombi hisani. Anachotaka ni kwamba kiti kikiwa wazi kiwe wazi kweli.

Nisije nikaonekana ninadai kila mwenye mvi atolewe. Miguel Rojas alikuwa na miaka 36 msimu huohuo, mapigo yake hayatishi, na wapo mashabiki waliokuwa wakimnyooshea kidole tangu Aprili. Klabu ilimweka kwa sababu mikono yake bado ilikuwa safi kwenye ulinzi. Tarehe 1 Novemba 2025, mechi ya saba ya World Series, fainali ya Ligi Kuu, mjini Toronto, Dodgers wakiwa nyuma 4-3 katika awamu ya tisa na mtu mmoja ameshatolewa, Rojas akaupiga mpira wa Jeff Hoffman ukavuka uzio. Nusu ya pili ya awamu hiyohiyo, bezi zote zikiwa na watu wa Toronto, akaudaka mpira wa chini na kuutupa kwenye bezi ya nyumbani, mkimbiaji anapokamilishia bao, kuzuia bao la kumaliza msimu. Dodgers walishinda 5-4 katika awamu ya 11. Hakuna aliyempa Rojas kiti kwa ajili ya mwaka 2017. Alikuwa pale kwa kazi, na kazi ilipokuja ilimkuta.

Huo ndio upande wa nafasi. Upande wa heshima ndipo Dodgers walipojikwaa, na jina la kujikwaa huko ni Fernando Valenzuela.

Valenzuela alizaliwa Etchohuaquila, kijiji cha Sonora, kaskazini mwa Mexico, na Dodgers walimpata mwaka 1979. Tarehe 9 Aprili 1981, Jerry Reuss, aliyepangwa kurusha mechi ya ufunguzi, alikuwa majeruhi. Wakampa mpira kijana wa miaka 20, mnene kidogo, asiyejua Kiingereza, mwenye mtindo wa kuinua macho juu mbinguni kabla ya kuachia mpira. Houston hawakupata hata bao. Alishinda mechi nane za kwanza alizoanza, tano kati ya hizo bila kuruhusu bao lolote. Mwaka huohuo alitwaa tuzo ya chipukizi bora na tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya. Kwenye World Series, Dodgers wakiwa wameshafungwa mechi mbili na New York Yankees, alirusha mechi ya tatu mwanzo hadi mwisho, mipira zaidi ya 140, akiwa wazi kabisa hana siku nzuri, na akashinda 5-4. Dodgers hawakufungwa tena fainali ile.

Hizo ni hesabu za uwanjani, na zingetosha kwa mchezaji mwingine. Kwa Valenzuela kuna hesabu nyingine inayoanzia kwenye ardhi yenyewe. Dodger Stadium imejengwa Chavez Ravine, mabonde yaliyokuwa na mitaa mitatu ya Wamarekani wenye asili ya Mexico: Palo Verde, La Loma na Bishop. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia ziliondolewa kwa ahadi ya nyumba za umma. Nyumba hazikujengwa. Dodgers walipohama kutoka Brooklyn baada ya msimu wa 1957 wakapewa eneo hilo, na Mei 1959 waliokuwa wamebaki waling'olewa kwa nguvu, mwanamke mmoja akibebwa mikono na miguu na askari kuteremshwa ngazi za nyumba yake mbele ya kamera. Uwanja ulifunguliwa Aprili 1962. Kwa karibu miaka 20 wapo wazee wa mashariki mwa jiji ambao hawakutaka kukanyaga pale, hata kwa tiketi ya bure.

Kisha akaja huyu Fernando anayefanana na mpwa wao, na wazee wale wakapanda kile kilima. Jukwaa la Dodgers lilibadilika sura, na mpaka leo halijarudi lilivyokuwa. Ukiketi leo uwanjani pale na kusikia Kihispania safu nzima, ujue kuna kitu kilianza Aprili 1981.

Sasa tazama klabu ilivyomtumia na ilivyomwacha. Mwaka 1986 alimaliza mwenyewe mechi 20 bila kubadilishwa. Siku hizi timu nzima haifikishi idadi hiyo kwa msimu. Bega likachoka, mwaka 1988 likagoma. Juni 1990 alirusha mechi ambayo Cardinals hawakupata pigo hata moja. Machi 1991, siku chache kabla ya msimu kuanza, Dodgers wakamwacha.

Nisikilizwe vizuri hapa: kimchezo hawakukosea. California Angels waliomchukua walimpa mechi mbili, akapoteza zote. Kweli baadaye alifufuka, akashinda mechi 13 kwa San Diego Padres mwaka 1996, mojawapo ikiwa mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida wa Ligi Kuu kuchezwa Mexico, pale Monterrey. Lakini Machi 1991 hakuna aliyekuwa na darubini ya kuona 1996. Nafasi ni nafasi. Kama natetea kutemwa kwa Taylor, sina budi kutetea kutemwa kwa Valenzuela.

Kilichofuata ndicho kisichoteteeka. Alikaa mbali na klabu miaka, hadi 2003 alipokubali kuingia kwenye matangazo ya redio ya Kihispania ya Dodgers. Jezi yake namba 34 hakuna aliyeivaa tangu aondoke. Watu wa chumba cha vifaa hawakuitoa. Kila mtu aliyeingia uwanjani alijua ile namba ina mwenyewe. Mashabiki waliomba istaafishwe rasmi, yaani isivaliwe tena na yeyote, na kutundikwa pamoja na nyingine, wakaomba tena na tena, na jibu lilikuwa lilelile: kanuni ya klabu inataka mchezaji awe ameingia kwanza Ukumbi wa Magwiji wa Cooperstown.

Kanuni yenyewe haikuwa ya kijinga. Klabu isiyo na kanuni hujikuta ikistaafisha namba kila mwaka kwa kelele za mashabiki. Yankees wameshamaliza namba zote kuanzia 1 hadi 9. Ya 2, ya Derek Jeter, ilikuwa ya mwisho kwenda, Mei 2017. Uzuri wa kanuni ya Cooperstown ni kwamba inamwondolea rais wa klabu lawama: si sisi, ni wapiga kura.

Ubaya wake ni huohuo. Wapiga kura ni waandishi wa besiboli wa nchi nzima, na wanachopima ni kazi yote ya mchezaji dhidi ya magwiji wa zama zote. Kwa kipimo hicho Valenzuela, mwenye ushindi 173 na vipigo 153, alipata asilimia 6.2 ya kura mwaka 2003 na asilimia 3.8 mwaka 2004. Anayeshuka chini ya asilimia 5 jina lake huondolewa. Siwalaumu waandishi, swali waliloulizwa walilijibu. Lakini mwandishi wa Cleveland au Boston anajuaje familia ngapi za Boyle Heights, mashariki mwa Los Angeles, zilirudi uwanjani kwa ajili ya mtu mmoja? Na kwa nini ajue? Klabu ilikuwa imewakabidhi wageni kazi ya kumtunuku mtoto wa nyumbani, kisha ikawa inasubiri matokeo yao.

Tena kanuni ilikuwa imeshavunjwa. Jim Gilliam, mchezaji na baadaye kocha wa Dodgers, hakuwahi kuingia Cooperstown. Alifariki Oktoba 1978, World Series ikiwa mlangoni, na namba yake 19 ikastaafishwa siku zilezile. Maana yake mlango ulikuwa unafunguka. Ulikuwa unafunguka kwa msiba.

Na hapo ndipo penye doa ambalo mashabiki wa Dodgers hawapendi kuligusa. Jackie Robinson, aliyevunja ukuta wa ubaguzi mwaka 1947, alistaafishiwa namba 42 na klabu yake Juni 1972. Akafariki Oktoba ya mwaka huohuo. Gil Hodges alifariki Aprili 1972, na namba yake 14 ikatundikwa mwaka 2022, miaka 50 baadaye, kwa kuwa Cooperstown ilikuwa imechelewa kumkubali. Mwaka 2019 klabu ilianzisha heshima ya daraja la pili, ya magwiji wa Dodgers, na Valenzuela akawa mmoja wa watatu wa kwanza pamoja na Steve Garvey na Don Newcombe. Mashabiki wengi waliipokea kama kifuta jasho. Hatimaye kanuni ikawekwa kando, na tarehe 11 Agosti 2023 namba 34 ikastaafishwa mbele ya uwanja uliojaa. Valenzuela alifariki tarehe 22 Oktoba 2024. Alikuwa ameiona namba yake pale juu kwa miezi 14. Siku tatu baada ya kifo chake World Series ilianza palepale nyumbani, wachezaji wakiwa na kiraka chenye 34 kwenye mkono wa jezi.

Baada ya Valenzuela, bila shaka, kila mtu ana jina lake la kusukuma. Hilo lilitabirika. Wapo wa Orel Hershiser, ambaye mwaka 1988 alirusha awamu 59 mfululizo bila kuruhusu bao, akatwaa Cy Young, akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa na wa World Series. Wapo wa Garvey. Wapo wa Maury Wills, aliyeiba bezi (kukimbilia bezi inayofuata bila kusubiri pigo la mwenzake) mara 104 mwaka 1962, zaidi ya jumla ya timu nyingine yoyote ya Ligi Kuu mwaka ule.

Kisa cha Garvey kinachekesha kidogo. Alicheza Dodgers misimu 14, namba yake 6 haijastaafishwa. Akaenda San Diego akacheza misimu mitano, na Padres wakamstaafishia namba ileile, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya pigo moja lililovuka uzio katika mtoano wa 1984. Ukiuliza nani ameonewa hapo utapata majibu matatu kwa watu wawili. Nadhani Padres walikuwa sahihi. Kwao pigo lile lilikuwa mlango wa World Series yao ya kwanza; kwa Dodgers, Garvey alikuwa nyota mkubwa kati ya nyota wakubwa. Heshima ya klabu si mtihani wa taifa wenye alama moja kwa kila shule.

Kwa kipimo changu, ambacho ni kuuliza kama klabu ingekuwa kitu kingine bila mtu huyo, Wills anaingia kabla ya Hershiser. Mwaka wa Hershiser ulikuwa bora, pengine mwaka bora kuliko wowote wa mrushaji wa Dodgers tangu Sandy Koufax, lakini namba yake 55 wameivaa wengine, akiwemo Albert Pujols mwaka 2021, na dunia haikusimama. Wills aliirudisha miguu kwenye mchezo uliokuwa umelala ukisubiri pigo kubwa. Najua wenye Hershiser wao watakuja juu. Waje. Wills alifariki Septemba 2022, kwa hiyo hata akipewa, safari hii tena atapewa marehemu.

Wapo watakaosema basi mashabiki wapige kura wenyewe, yaishe. Hapana. Historia ya kura za mashabiki ina madoa yake. Mwaka 1957, kura za kuchagua kikosi cha mechi ya nyota wote, wapenzi wa Cincinnati walijaza masanduku hadi wachezaji saba wa timu yao wakachaguliwa kuanza upande wa Ligi ya Taifa. Gazeti la mji lilikuwa limechapisha karatasi zenye majina yakiwa yameshajazwa. Kamishna Ford Frick akawaondoa wawili na kuwaingiza Hank Aaron na Willie Mays. Fikiria kura inayowaacha nje Aaron na Mays. Mashabiki walinyang'anywa haki hiyo hadi 1970.

Lakini ligi hiyohiyo imebuni kitu ambacho nakiona cha busara. Tangu 2022 kamishna anaweza kumwongeza mkongwe kwenye mechi ya nyota kwa heshima ya kazi yake yote, juu ya idadi ya kawaida. Mwaka ule walikuwa Pujols na Miguel Cabrera. Mwaka 2025 alikuwa Clayton Kershaw wa Dodgers. Watakatifu wa takwimu walinung'unika, sijui kwa nini. Hakuna kijana aliyekosa nafasi kwa sababu ya Kershaw. Kiti chake kilikuwa cha ziada. Alirusha kidogo tu Atlanta, akamtoa Vladimir Guerrero Jr. kwa straiki tatu, yaani mpigaji akashindwa mara tatu na kutolewa, akapokewa kwa makofi, akatoka. Heshima imetolewa, na kazi ya mtu haikuguswa.

Kershaw huyo ndiye kesi inayowavuruga watu wa kambi zote mbili. Misimu 18, klabu moja, tangu 2008. Tuzo tatu za Cy Young. Julai 2025 alifikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa straiki tatu, na msimu ule alishinda mechi 11 akapoteza 2, akiwa na kasi ya mpira iliyo chini ya ile ya warushaji wengi wa Ligi Kuu. Septemba akatangaza kwamba anatundika glavu. Ikaja Oktoba. Raundi ya kwanza, mfululizo wa mechi tatu tu, hakuwemo kwenye kikosi cha watu 26: mfululizo mfupi hauhitaji warushaji wengi wa kuanza. Palikuwa na kelele. Raundi ya pili akawekwa, na dhidi ya Philadelphia akaingia mechi ya tatu akachapwa mabao matano katika awamu mbili. Kelele zikageuka: sasa waliokuwa wanadai utu wakaulizwa kama huu ndio utu, kumwanika mzee wa watu mbele ya taifa.

Kisha usiku wa tarehe 27 Oktoba, mechi ya tatu ya World Series iliyokwenda awamu 18. Awamu ya 12, bezi zote tatu zina watu wa Toronto, wawili wametolewa, kocha Dave Roberts ameshapitia karibu kila mrushaji aliyenaye. Akamwita Kershaw. Nathan Lukes alisimama naye mpira baada ya mpira, mwisho akaupiga ukabiringika chini, akatolewa. Mtu mmoja, kazi imekwisha. Dodgers wakashinda 6-5 kwa pigo la Freddie Freeman, na Kershaw hakurusha tena katika Ligi Kuu.

Sioni kwamba usiku ule unathibitisha kuwa walimweka kwa mapenzi na mapenzi yakalipa. Roberts alimwita kwa sababu Lukes anapiga kwa mkono wa kushoto, na Kershaw anarusha kwa mkono wa kushoto, na walihitaji mtu ambaye hatampa bezi ya bure. Ilikuwa hesabu, kama ilivyokuwa hesabu kumwacha nje raundi ya kwanza. Klabu iliyoweza kumwacha nje Kershaw katika wiki za mwisho za maisha yake ya mchezo ni klabu inayojua nafasi ni nini.

Lililobaki ni kuona kama imejifunza heshima ni nini. Kwa utaratibu wa Cooperstown mchezaji husubiri miaka mitano, kwa hiyo jina la Kershaw litafika mbele ya waandishi kwa ajili ya darasa la 2031. Ataingia, hilo halina mjadala, na kwa kanuni ya zamani namba 22 ingesubiri hadi hapo. Isisubiri. Itundikwe mapema, yeye akiwa na miguu ya kutembea hadi katikati ya uwanja na watoto wake wakiwa bado wadogo wa kumshika mkono, na ya Wills itundikwe siku hiyohiyo mbele ya familia yake. Jioni yake, kama Roberts atamtema mkongwe mwingine tunayempenda ili ampishe kijana kutoka Oklahoma City, mimi sitakuwa na neno.